Kutafiti Muziki wa Charles Ives: Niliyojifunza Kati ya Karatasi, Tarehe na Tenzi

Tangu nilipokabidhi tasnifu yangu ya uzamivu juu ya Simfoni ya Tatu ya Charles Ives, nimekuwa nikipokea barua za vijana wa Afrika Mashariki wanaosoma muziki. Wanataka kujua kazi ya aina hiyo inavyokwenda, inagharimu nini, na imekuwaje mtu aliyelelewa katika kwaya ya kanisa huko Mwanza akaingia katika habari za mtunzi wa Connecticut. Nimeona ni heri nieleze yote mahali pamoja, kwa sababu sehemu kubwa ya mambo yaliyonilia muda yangeweza kuepukika endapo ningeyasikia mapema.

Ives alizaliwa Danbury, Connecticut, tarehe 20 Oktoba 1874. Baba yake, George, aliwahi kuongoza bendi ya jeshi katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, na kwa maelezo ya mwanawe, ndiye aliyemzoeza kuimba wimbo katika ufunguo mmoja huku kinanda kikimsindikiza katika ufunguo mwingine. Ives alisoma Chuo Kikuu cha Yale chini ya Horatio Parker, akahitimu mwaka 1898, kisha akaenda New York kufanya kazi ya bima. Muziki aliuandika jioni, mwisho wa juma na wakati wa likizo. Kampuni aliyoianzisha pamoja na Julian Myrick ilistawi sana katika bima ya maisha, naye akastaafu mwaka 1930 akiwa tajiri, lakini utunzi wake mwingi haukuwa umesikika na mtu yeyote nje ya watu wachache wa karibu. Simfoni ya Tatu ilipigwa hadharani kwa mara ya kwanza tarehe 5 Aprili 1946, chini ya Lou Harrison, na mwaka uliofuata ikampatia tuzo ya Pulitzer. Wakati huo Ives alikuwa na zaidi ya miaka 70, na simfoni yenyewe ilikuwa imekaa kabatini kwa karibu miaka 40.

Mtafiti ayashike vizuri mambo haya kabla ya kusonga mbele, kwa kuwa ugumu wote wa kumsoma Ives unatokana nayo. Mtunzi ambaye kazi zake hupigwa huacha nyuma yake ratiba za matamasha, tahakiki za magazeti, mikataba ya wachapishaji na nakala za wapigaji zenye tarehe. Ives hakuacha vitu hivyo kwa miaka yake mingi ya utunzi. Aliacha karatasi, na maneno yake mwenyewe kuhusu karatasi hizo, na mengi ya maneno hayo aliyatamka au kuyaandika miaka mingi baadaye.

Nilikutana na simfoni hii katika mwaka wangu wa kwanza wa masomo ya juu Marekani, nikiwa nasikiliza rekodi ambazo mwalimu alitutaka tuzisikilize kabla ya kipindi. Simfoni ina sehemu tatu, na okestra yake ni ndogo: filimbi, obo, klarineti, fagoti, pembe mbili, tromboni na vyombo vya nyuzi, pamoja na kengele mwishoni endapo kondakta atazitaka. Ives aliipa jina la mkutano wa injili wa kambini, kwa kukumbuka mikutano aliyohudhuria utotoni, na sehemu ya mwisho akaiita Komunyo. Katika sehemu hiyo nilianza kusikia vipande vya kitu ninachokijua. Vilikuwa vimetawanyika, vikiingia katika sauti ya kati na kutoka, vikibadilishiwa ufunguo na mwendo, na kila kilipokaribia kukamilika kilikatizwa. Karibu na mwisho tuni ikatokea nzima, na nikaitambua: ilikuwa Hivi Nilivyo, utenzi tuliouimba kila mchungaji alipowaalika watu kusogea mbele. Nilikaa pale hadi muda wa maktaba ulipokwisha, nikirudia sehemu ile moja.

Sikujua wakati ule kwamba mbinu hiyo ilikwisha kuelezwa kwa kina na J. Peter Burkholder, mtaalamu ambaye mwaka 1995 alichapisha uchunguzi mkubwa wa namna Ives alivyotumia nyimbo za wengine. Burkholder alionyesha kwamba katika kazi nyingi za Ives, mpangilio wa kawaida umegeuzwa: badala ya kutangaza wazo la muziki kisha kuliendeleza, mtunzi anaanza na maendelezo, na wazo lenyewe analiachilia mwishoni. Niliposoma maelezo hayo nilifadhaika kidogo, kwa kuwa kila nililodhani nimeligundua lilikuwa limeandikwa. Nawaambia wanaoanza wasikate tamaa wakifika hapo. Kukuta jambo ulilolisikia kwa sikio lako limethibitishwa na mtu aliyelichambua miaka mingi ni ushahidi kwamba sikio lako ni zima, na kinachobaki ni kutafuta swali ambalo yeye hakuliuliza.

Swali langu lilichukua muda kupatikana, na hapo katikati nilipita katika kipindi kigumu. Nilipotangaza nia ya kuandika juu ya Ives, mtu mmoja mwenye mamlaka katika idara aliniuliza, kwa upole kabisa, kwa nini nisiandike juu ya ngoma za Wasukuma, kwa kuwa huko ndiko nitakakokuwa na cha kusema na huko ndiko fedha za utafiti zitakakopatikana. Nyumbani nako, mama aliniuliza kwenye simu, "Mwanangu, huyo mzungu amekosa watu wa kwao wa kumwandika?" Yule wa kwanza aliniumiza zaidi, ingawa sidhani alikusudia. Ngoma za Wasukuma zinastahili watafiti wengi kuliko zilio nao, na nawaheshimu walioziandika. Lakini sikubali kwamba mtu anayetoka Mwanza anaruhusiwa kuijua Mwanza tu. Anayeulizwa swali hilo na aliandalie jibu la kitaaluma mapema, kwa maandishi, liwemo katika pendekezo la utafiti, kwa maana litarudi mbele ya jopo, na hasira haisaidii.

Jibu langu lilitoka katika kitabu cha tenzi. Kanisa nililokulia, Africa Inland Church (AIC), lilitokana na kazi ya Africa Inland Mission, shirika lililoanzishwa Marekani mwaka 1895, Ives akiwa mwanafunzi Yale. Nyimbo walizozileta wamishonari wale zilikuwa, kwa sehemu kubwa, ndizo zilizoimbwa Danbury na katika mikutano ya kambini ya Connecticut. Tuni ya Yesu Kwetu ni Rafiki, iliyotungwa na Charles Converse mwaka 1868, imo katika sehemu ya kwanza ya simfoni hii. Tuni ya Damu Imebubujika ndiyo uti wa mgongo wa wimbo wa Ives wa mwaka 1914 kuhusu Jenerali William Booth, mwanzilishi wa Jeshi la Wokovu. Tuni ya Karibu na Wewe inaelea juu ya Simfoni ya Nne tangu mwanzo hadi kurasa zake za mwisho. Wasikilizaji wengi wa leo huko Marekani, hasa vijana wasioenda kanisani, hawazijui tena nyimbo hizi, hivyo wanasikia fumbo mahali ambapo Ives alitarajia msikilizaji akumbuke. Kwa hiyo niliuliza: muziki huu unasikikaje kwa jamii ambayo bado inaimba nyimbo zake kila Jumapili, na jamii hiyo inaweza kutueleza nini kuhusu mpangilio wa kazi yenyewe?

Hapa lazima nitoe tahadhari kubwa, kwa sababu kumbukumbu ya kanisani ni chombo chenye nguvu lakini humpoteza asiyekipima. Maneno ya utenzi na tuni yake ni vitu viwili. Rafiki yangu aliyelelewa katika kanisa la Kianglikana aliyafahamu maneno ya Karibu na Wewe kama mimi, lakini nilipompigia kinandani tuni iliyomo katika Simfoni ya Nne, alinitazama kama mtu asiyeijua. Wamarekani wameimba maneno hayo kwa tuni ya Lowell Mason iitwayo Bethany tangu mwaka 1856, ilhali Waingereza wamezoea tuni nyingine, kwa mfano Horbury ya John Bacchus Dykes, na misheni mbalimbali zilileta Afrika Mashariki walichozoea kwao. Mtafiti asiandike kamwe kwamba Ives ananukuu utenzi fulani. Aandike jina la tuni, mtunzi wa tuni, na ikiwezekana kitabu cha nyimbo cha Marekani cha karne ya 19 ambamo tuni hiyo imo kwa umbo hilo hilo. Tofauti ya noti moja ya kupitia, au ya mdundo mmoja ulioongezwa nukta, yaweza kuonyesha kwamba sicho kitabu alichokitumia.

Solfa, yaani kuandika muziki kwa do, re, mi, ilinisaidia kuliko nilivyotarajia. Wengi wetu tuliofundishwa kwaya Tanzania tulianza na solfa, na nilipofika Marekani niliona haya kwa sababu wenzangu walisoma nota za mistari tangu utotoni. Baadaye niligundua kwamba mtu wa solfa huisikia tuni kwa nafasi za sauti katika ngazi, wala hatikiswi na ufunguo kubadilika, na Ives hubadilisha funguo bila kuchoka, wakati mwingine akiweka funguo mbili kwa pamoja. Nilizoea kuandika solfa kwa penseli juu ya kila kipande ninachokishuku, kisha kulinganisha na tuni nzima.

Sasa nifike kwenye suala la tarehe, ambalo ndilo lililokaribia kuvunja tasnifu. Katika orodha zake mwenyewe Ives anasema Simfoni ya Tatu ilitokana na vipande vya ogani alivyovipiga mwaka 1901 katika Kanisa la Central Presbyterian la New York, alikokuwa mpigaji ogani hadi mwaka 1902, na kwamba simfoni ilikamilika mwaka 1904 kisha ikanakiliwa upya miaka michache baadaye. Mimi niliupokea mwaka 1904 kama ulivyo, na sura yangu ya pili nzima niliijenga juu yake, nikieleza jinsi kijana aliyeacha kanisa mwaka 1902 alivyoliaga kwa muziki miaka miwili baadaye. Ilikuwa hoja ya kuvutia. Msimamizi wangu aliisoma, akaniandikia pembeni swali moja tu: karatasi yenyewe inasema nini?

Asiyejua historia ya utafiti wa Ives hawezi kuelewa uzito wa swali hilo. Mwaka 1987 mtaalamu wa muziki Maynard Solomon alichapisha makala akidai kwamba Ives alirudisha nyuma tarehe za kazi zake kwa makusudi, ili aonekane ameanza kutumia sauti zinazogongana na funguo nyingi kabla ya watunzi wa Ulaya. Mtunzi Elliott Carter, aliyemfahamu Ives tangu ujana, alikuwa tayari ameeleza jinsi alivyomwona akiongeza ugumu katika muziki wa zamani. Mabishano yakawa makali. Carol Baron na baadaye Gayle Sherwood walijibu kwa kurudi kwenye miswada: Sherwood hasa alichunguza aina za karatasi za nota, zilizotengenezwa na kuuzwa katika miaka inayojulikana, pamoja na mabadiliko ya mwandiko wa Ives, ambao ulianza kutetemeka baada ya afya yake kudhoofika kuanzia mwaka 1918. Matokeo hayakumwangamiza Ives wala hayakumtakasa. Kazi nyingi zilionekana kuwa za wakati aliousema, au kwamba zilianza wakati huo, na nyingine zikasogezwa mbele kwa miaka kadhaa. Simfoni ya Tatu imo katika kundi la pili: ushahidi wa karatasi na mwandiko unaielekeza hasa kwenye miaka ya 1907 hadi 1911.

Kwa hiyo sura yangu ya pili ilianguka. Nilihuzunika kwa majuma mengi, na nilifikiri hata kubadilisha mada. Lakini nilipokuja kuiandika upya niliona kwamba ukweli ni mkubwa kuliko hadithi niliyoipoteza. Ives hakuwa mtu wa kumaliza kazi. Sonata yake ya Concord aliichapisha kwa gharama zake mwaka 1920, kisha akaendelea kuibadilisha kwa karibu miaka 30 hadi toleo la pili la mwaka 1947. Kipande cha Swali Lisilojibiwa, ambamo tarumbeta inauliza mara saba na filimbi zinajaribu kujibu mara sita huku nyuzi zikiendelea kwa utulivu chini yake, kilianza mwaka 1908 na kikafanyiwa marekebisho katika miaka ya 1930. Mwaka mmoja hauwezi kubeba kazi za namna hiyo. Kila ukurasa ni kama ukuta wa nyumba ya zamani ya mawe uliopakwa chokaa na kila kizazi, na mtafiti anatakiwa aseme ni tabaka lipi analolizungumzia.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni kwamba asinukuu tarehe yoyote ya Ives bila kuandika kando yake imetoka wapi: orodha ya mtunzi, kumbukumbu alizoanza kuzitamka kwa katibu wake mwanzoni mwa miaka ya 1930, au uchambuzi wa karatasi. Orodha ya maelezo ya James Sinclair, iliyochapishwa mwaka 1999, hutenganisha mambo hayo kwa uangalifu, na mtu aiweke mezani tangu siku ya kwanza. Vivyo hivyo kwa simulizi tamu. Ives alisimulia kwamba mtunzi na kondakta Gustav Mahler, alipokuwa New York, aliiona nakala ya simfoni hii kwa mnakilishi na akataka kuondoka nayo. Ningependa sana iwe kweli. Lakini nje ya maneno ya Ives na watu waliomnukuu, hakuna waraka wa upande wa Mahler unaoithibitisha, na katika tasnifu niliiweka kama simulizi ya Ives.

Safari ya kwenda kuiona miswada niliifanya baada ya hapo, na laiti ningeifanya kabla. Karatasi za Ives zimo katika Maktaba ya Muziki ya Irving S. Gilmore, Chuo Kikuu cha Yale, New Haven, mwendo wa takriban saa mbili kwa treni kutoka New York. Ives alipofariki mwaka 1954, mpiga kinanda John Kirkpatrick, aliyekuwa ameipiga Concord nzima katika Town Hall ya New York mwezi Januari 1939, ndiye aliyezipanga karatasi zilizotapakaa katika nyumba ya West Redding, na mwaka 1960 akatoa orodha yake ya kwanza. Namba za picha zilizopewa kurasa, zenye herufi f mbele, bado ndizo lugha ya pamoja ya watafiti wa Ives. Mwongozo wa mkusanyo huo unapatikana bure mtandaoni, na mtu aliye Dodoma au Eldoret anaweza kuusoma wote kabla ya kuomba hata senti ya nauli.

Kuhusu fedha nitasema wazi. Malazi yaligharimu kuliko usafiri na chakula kwa pamoja, na nililipia sehemu kubwa mfukoni mwangu kwa sababu ruzuku ya idara ilichelewa. Mtu aandike kwa maktaba majuma mengi kabla, aeleze anataka kuona masanduku gani na kwa nini, kisha aangalie kalenda ya chuo ili asifike wakati wa mapumziko. Miswada mingi ina nakala za picha na za maikrofilamu, na wasimamizi wa kumbukumbu, kwa haki kabisa, hutaka uzimalize nakala kwanza kabla ya kukupa karatasi halisi iliyo dhaifu. Kwa hiyo uende na orodha fupi ya maswali ambayo nakala haiwezi kuyajibu: je, mstari huu ni wa wino au penseli, je, kilichofutwa kilikuwa nini, je, karatasi hizi mbili ni za aina moja. Ndani huingii na kalamu ya wino wala mkoba. Waliokuwa kwenye dawati walinipokea kwa ukarimu mkubwa, na mmoja wao alinionyesha ukurasa nisiokuwa nimeuomba, ambao baadaye ukawa kiini cha sura ya nne.

Sura hiyo inahusu mistari ya kivuli. Katika miswada ya Simfoni ya Tatu, Ives aliongeza sauti dhaifu za ziada, zinazotembea kando ya sauti kuu bila kupatana nazo, kisha akazikata. Toleo lililochapishwa mwaka 1947 halikuwa nazo. Toleo la kihakiki la Kenneth Singleton, la mwaka 1990, lilizirudisha, likimwachia kondakta hiari ya kuzitumia. Wengi wameziona kama ukali wa kisasa uliopakwa juu ya tenzi. Nilipozitazama kwa muda mrefu pale New Haven, nilianza kusikia kitu nilichokijua: usharika mkubwa usio na kinanda, ambamo wazee walio nyuma wanaburuta tuni nusu hatua chini ya wengine, na mtu mmoja anaimba sauti yake mwenyewe kwa moyo wote. Ives mwenyewe aliandika kwa upendo juu ya uimbaji wa namna hiyo katika mikutano ya kambini, na alimkumbuka baba yake akitetea sauti mbaya ya fundi mawe aliyeimba kwa dhati. Katika tasnifu nilidai kwamba angalau baadhi ya mistari ya kivuli inafuata mantiki ya uimbaji huo, na niliionyesha noti kwa noti. Sikudai zaidi ya hapo, kwa kuwa kufanana kwa sauti hakuthibitishi kusudi la mtunzi, na sisi tunaotoka huko tunaweza kushawishika kuona nyumbani kila mahali.

Upo ugumu mwingine ambao hautajwi sana, nao ni kuishi na mtu kwa miaka na kuyaona mabaya yake. Ives alikuwa mkarimu kupita kiasi: aligawa bure kitabu chake cha nyimbo 114 cha mwaka 1922 kwa yeyote aliyeomba, aligharimia machapisho ya watunzi vijana, na Lou Harrison alipomwandikia akiwa kijana asiyejulikana, Ives alimtumia sanduku la nakala za kazi zisizochapishwa. Mtu huyo huyo aliandika kwa dharau juu ya muziki wowote mwororo, akiuita wa kike, na rafiki yake, mtunzi Henry Cowell, aliyefanya kazi kubwa kuliko karibu mtu yeyote kumtangaza, alipofungwa mwaka 1936 katika gereza la San Quentin kwa mashtaka ya maadili, Ives alimkatia mawasiliano kwa miaka kadhaa. Kusoma habari hizo kulinikatisha tamaa. Niliacha kuandika kwa muda, na niliporudi niliziingiza katika utangulizi bila kuzipunguza. Msomaji ana haki ya kuzijua, na muziki haukuhitaji nimlinde mtunzi wake.

Nimalizie na haki za matumizi, kwa sababu hapo ndipo wengi hukwama wakiwa wamekwisha kushangilia. Kazi alizozichapisha Ives mwaka 1920 na 1922 tayari ni mali ya umma Marekani, lakini kazi zilizochapishwa baadaye, pamoja na matoleo ya kihakiki, zimegawanyika kwa wachapishaji kadhaa, na kila mmoja ana utaratibu wake. Mirabaha yenyewe, kwa wosia wa mkewe Harmony, huenda kwa American Academy of Arts and Letters, ambayo huitumia kuwafadhili watunzi vijana. Tasnifu iliyowekwa maktabani inaweza kuvumiliwa mambo ambayo kitabu hakitavumiliwa. Nilipotaka kuchapisha sura ya nne kama makala, ada ya mifano ya nota niliyoitarajia kuwa ndogo ilikaribia kodi yangu ya mwezi, na jibu lilichukua muda mrefu hata mhariri akaanza kuniuliza kama bado nina nia. Mtu aandike orodha ya mifano yote tangu rasimu ya kwanza, idadi ya mizani ya kila mfano, chanzo chake na mwenye haki, na aanze kuomba kibali kabla hajamaliza kuandika. Pale ambapo jedwali la maelezo linatosha badala ya nota, atumie jedwali.

Siku ya utetezi nilitarajia swali la mwaka, na lilikuja la kwanza. Nililitolea jibu lenye matabaka: vipande vya ogani vya 1901, ambavyo vimepotea na tunavijua kwa maneno ya Ives tu, nota za okestra ambazo karatasi zinaziweka takriban 1907 hadi 1911, mistari ya kivuli iliyoongezwa na kukatwa, onyesho la 1946, toleo la 1990. Mjumbe mmoja aliniuliza ni ipi kati ya hizo iliyo Simfoni ya Tatu. Nilimjibu kwamba kwa hoja ya sura ya nne ni ile yenye mistari ya kivuli, na kwa hoja ya sura ya tano, inayohusu wasikilizaji wa kwanza, ni ile ya 1946, na kwamba nimeandika hivyo mwanzoni mwa kila sura. Walinipa marekebisho madogo, mengi yakiwa katika jedwali la kurasa lililo mwishoni, linaloonyesha kila ukurasa kwa namba yake ya f, aina ya karatasi, wino au penseli, na tuni iliyomo kwa jina lake na kwa solfa. Sasa natengeneza jedwali kama hilo la fuga ya Simfoni ya Nne, iliyojengwa juu ya tuni ambayo Lowell Mason aliutungia wimbo wa kuwatuma wamishonari ng'ambo, na ninawatafuta wanakwaya waliokulia katika madhehebu mbalimbali wanaoweza kuniambia tuni hiyo iliimbwa kwao kwa maneno gani.